Siku Maji Yalipougua

Kila mtu katika idara ya utafiti wa virusi alimwita Trafiki, na walikuwapo watu waliofanya naye kazi miaka sita bila kulijua jina lililo kwenye kitambulisho chake. Alikuwa fundi sanifu wa maabara, mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Jina hilo alilipata kwenye korido ya ghorofa ya pili ya jengo la chuo. Hapo palikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana, mlango wa kila kimoja umepakwa rangi yake: cha kwanza cheupe, cha pili bluu, cha tatu chekundu. Nje ya kila mlango yalitundikwa makoti ya rangi hiyohiyo. Kazi ilianzia chumba cheupe, ambako dawa za kupimia zilichanganywa. Ikahamia cha bluu, ambako sampuli za damu zilifunguliwa na kutiwa kwenye dawa zile. Ikaishia chekundu, ambako mashine ilitafuta alama ya kirusi, na kama ipo hata chembe, ikaitolea nakala mabilioni mpaka ionekane.

Kutoka cheupe kwenda chekundu, ruksa. Aliyekwisha kuingia chekundu harudi cheupe siku hiyo, hata kama amesahau simu, hata kama mkwe wake anamsubiri humo ndani.

Kila mwaka walipokuja wanafunzi wapya, Trafiki aliwapanga ukutani akawauliza, "Nani amewahi kukata pilipili?" Mikono yote ilinyooshwa. "Ukishakata unanawa, siyo? Unajifuta, unaona umetakata. Baada ya saa nzima unajikuna jicho. Nini kinakupata?" Wakacheka. "Basi chumba chekundu ni pilipili, na chumba cheupe ni jicho. Zile nakala si kirusi hai, hazimuui mtu. Lakini zikishika kwenye mkono wa koti lako ukaniletea chumba cheupe, kipimo kitaona kirusi hata pale ambapo hakijawahi kukanyaga. Kwa hiyo nikikuona unarudi nyuma, nitakupigia filimbi kama gari bovu."

Mlangoni pa chumba cheupe palining'inia daftari kubwa kwenye msumari, na kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isitembee. Kila anayeingia aliandika jina, saa na alikotoka. Kwa miaka kumi na tisa daftari lile lilijazwa, likabadilishwa, likajazwa tena, na Trafiki hakuruhusu mstari mmoja urukwe. Watu walimtania, walimwigiza sauti, lakini walimtii. Isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Profesa, mkuu wa idara, mtu wa maneno matamu na viatu vinavyong'aa. Tumsifu kwa haki yake: hotuba aliziweza. Maabara yenyewe alikuwa hajaishika kwa mikono yake muda mrefu, na anayeiacha kazi mikononi mwa wengine husahau haraka kwamba ina miiba.

Jumanne moja asubuhi alikuja na wageni wanne wa shirika fulani waliotaka kuona utafiti kwa macho yao. Wiki ile idara ilikuwa ikipima damu ya mbuzi sitini kutoka bonde moja la wafugaji, kuona kama kuna kirusi kilichosemekana kimeonekana mbali huko. Profesa hakuwaanzisha wageni mwanzo. Aliwaanzisha mwisho, chumba chekundu, kwa sababu ndiko kuliko na mashine yenye taa. Akawavika makoti mekundu, akashika kichupa kilichokwisha kutoka kwenye mashine, akakifungua kizibo, akakiinua juu. "Humu ndani, mabibi na mabwana, mna nakala nyingi kuliko watu wote wa dunia."

Kisha akatoka nao koridoni, makoti mekundu mwilini, glavu zilezile mkononi, akaelekea chumba cheupe.

Trafiki alikuwa mlangoni. Akatandaza mikono. "Profesa, hapana. Mmetoka chekundu."

"Dakika mbili tu, Trafiki."

"Hata nusu, Profesa. Humo ndani Daktari anachanganya dawa za mbuzi sasa hivi."

Profesa akawageukia wageni, akatabasamu kama mwenye nyumba anayewaombea radhi kwa kelele za jikoni. "Huyu mama tunamwita Trafiki. Sasa nikuulize, Trafiki. Msafara wenye king'ora ukipita, trafiki hufanya nini?"

Wageni wakacheka. Na yeye, tumsamehe, akashusha mikono akasogea pembeni. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyofundishwa tangu utotoni, na hatukufundishwa wanaokanyagwa nyuma yake watapishwa na nani.

Ndani, Profesa alimpokonya kijana mtaalamu pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone, akaenda nacho huku na huku akiwaonyesha wageni kinavyoshikwa. Glavu zilezile. Mtaalamu yule, ambaye wote walimwita Daktari Tai kwa sababu alivaa tai chini ya koti hata siku ya joto kali, alisimama kando akikodoa macho.

Wageni walipoondoka Trafiki aliingia akiwa amejaa hasira hadi kooni. "Mwaga vyote. Dawa, maji, vichupa vilivyo wazi, kila kitu. Tusafishe, tuanze upya kesho."

"Mama, wageni wanataka matokeo kabla hawajasafiri kesho."

"Wape chai."

"Profesa amesema tuendelee," akasema Daktari Tai, akitazama viatu vyake.

Trafiki akatoka. Alikuwa na uchungu, na uchungu wake akaufanyia kitu kimoja alichokizoea. Akaichukua kalamu yenye kamba akaandika: *Jumanne, saa nne na dakika kumi. Profesa na wageni wanne. Wametoka chekundu, wameingia cheupe. Nimewapisha.* Akapiga mstari chini yake, akaenda kuhesabu vichupa kwenye friza.

Wiki tatu zikapita bila habari. Mafundi hawaletewi matokeo. Wakishaosha vyombo, yanayopikwa humo huwa siri ya wakubwa. Jumatatu ya wiki ya nne, saa tisa alasiri, simu ya Trafiki ikalia. Alikuwa dada yake mkubwa, mjane anayefuga mbuzi katika bonde lilelile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nyinyi huko chuoni ndio mnaopima virusi?"

"Ndiyo, dada."

"Basi ni nyinyi mliosema mbuzi wangu wana ugonjwa."

Trafiki akavuta kiti akakaa. Dada akamweleza. Daktari wa mifugo alikuwa amepita asubuhi na karatasi yenye muhuri. Chuo kimekuta kirusi katika mbuzi kumi na watatu kati ya sitini. Alhamisi asubuhi, mbuzi wote wa bonde watakusanywa, watauawa, watafukiwa kwa chokaa. Wote, wa kwake na wa majirani, waliopimwa na wasiopimwa.

"Wanaumwa?" akauliza Trafiki.

"Nani aumwe? Mheshimiwa jana kanilia kanga iliyokuwa kwenye kamba." Mheshimiwa alikuwa beberu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hula wa kwanza na hana kazi. "Mbuzi wangu Bibi Harusi ana mapacha wa siku nne. Hata kukohoa hawakohoi, mdogo wangu. Mimi sikusoma, lakini mbuzi mgonjwa namjua kwa masikio yake. Wewe umesoma. Niambie wewe."

Hapo ndipo palipomchoma Trafiki, kwa sababu alisomea kwa mbuzi haohao. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, na dada huyu ndiye aliyeshika nafasi ya mama. Alikamua alfajiri, akauza maziwa, akanunua sare, akakamua tena, akanunua vitabu. Cheti cha ufundi sanifu kilichoning'inia sebuleni kwa Trafiki kilitoka kwenye chuchu za bibi zake Bibi Harusi. Na sasa kizazi chote kile kilikuwa kinaenda shimoni kwa karatasi iliyotoka kwenye korido yake mwenyewe.

"Usikubali wachukuliwe kabla sijakupigia," akasema.

"Nitakataaje, mama? Wanakuja na askari."

Jumanne asubuhi alimfuata Daktari Tai mezani kwake. Kijana akamwamkia kwa heshima, akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nionyeshe sahani ya mbuzi," akasema Trafiki.

Sahani wanayoisema ni kipande cha plastiki chenye vishimo tisini na sita, kila kishimo na damu ya mnyama wake. Kishimo kimoja hutiwa kirusi kinachojulikana, kuthibitisha kwamba mashine inaona. Kingine hutiwa maji matupu, kuthibitisha kwamba haioni ndoto. Maji yale ndiyo shahidi. Maji yakisema kweli, na mengine yaaminiwe. Maji yakisema uongo, tupa sahani nzima.

Daktari Tai akamwonyesha karatasi. Vishimo kumi na vitatu vilikuwa na alama nyekundu. Mahali pa maji palikuwa peupe, hapana kitu, hata alama ya kuonyesha kwamba pamepimwa.

"Maji yako wapi?"

"Yalikuwa na... kelele kidogo, mama. Profesa alisema ni kelele za mashine, niyatoe kwenye jedwali."

"Kelele. Yaliwaka?"

"Yaliwaka. Kwa kuchelewa, lakini yaliwaka."

Trafiki aliweka viganja viwili juu ya meza. "Maji matupu. Maji tuliyoyachemsha wenyewe, tukayachuja wenyewe, tukayafunga wenyewe. Hayana damu, hayana pembe, hayajawahi kula majani. Na yakakutwa na kirusi cha mbuzi! Kwa nini hamkumwandikia daktari wa mifugo ayafukie na maji?"

"Mama, mimi nina mkataba wa mwaka mmoja," akasema Daktari Tai kwa sauti ndogo.

Hilo nalo ni jibu, na katika majengo yale ndilo jibu la mambo mengi. Trafiki hakumtukana. Alimwambia tu kwamba kesho yake yeye mwenyewe angepima upya, tangu mwanzo, na kwamba dada yake alikuwa na mbuzi kumi na tisa katika bonde lile, asije mtu kusema baadaye kwamba alilificha.

Jumatano aliingia saa moja kabla ya mtu yeyote kufungua mlango. Akafungua dawa mpya, pipeti mpya iliyokuwa bado kwenye karatasi yake, maji mapya. Akavaa koti jeupe lililotoka kufuliwa. Masalio ya damu ya mbuzi wale sitini yalikuwa kwenye friza lake, na friza lile alilijua kama anavyojua mifuko yake: rafu ya tatu, kisanduku cha saba. Akachanganya katika chumba cheupe. Akahamia cha bluu, akabadili koti, akatia damu kishimo kwa kishimo, midomo ikihesabu. Akahamia chekundu, akabadili koti, akaiwasha mashine, akakaa mbele yake mikono mapajani.

Saa saba kasoro robo matokeo yakatoka. Kirusi kinachojulikana kiliwaka, kama inavyopasa. Maji yalinyamaza. Na mbuzi wote sitini wakanyamaza.

Alitazama karatasi ile mpaka macho yakamlenga machozi, na haikuwa furaha. Ilikuwa hasira. Kungekuwa na kirusi cha kweli mle, angelia na dada yake na angekubali. Magonjwa ni magonjwa. Lakini mnyama auawe kwa sababu mtu mzima hakutaka kubadili koti mbele ya wageni!

Profesa alimpokea ofisini saa nane, akamkaribisha kiti, akamwuliza watoto hawajambo. Trafiki akaweka karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya, akaeleza kwa maneno machache: chumba chekundu, glavu, pipeti, maji. Profesa akasikiliza akiwa amefumba macho nusu. Alielewa. Hilo ndilo lililomkasirisha Trafiki zaidi baadaye kila alipolikumbuka: mtu yule hakuwa mjinga, alielewa kabla sentensi ya pili haijaisha.

"Dada yako ana mbuzi huko, nasikia," akasema.

"Anao. Nimeshalisema."

"Watu watasema fundi ametengeneza matokeo kumwokolea dada yake mbuzi."

"Damu imebaki kwenye friza. Apime mtu mwingine. Pima wewe mwenyewe, Profesa, nitakushikia taa."

Profesa akatabasamu. "Hakuna haja. Naona kosa limetokea. Tatizo ni kwamba wizara imeshaambiwa, wageni wetu wameshaandika ripoti yao. Idara haiwezi kuamka tu ikasema samahani. Lazima tuseme kosa lilikuwa nini, na la nani. Naweza kuunda kamati. Kamati itakaa, itachunguza, wiki tatu hivi."

"Mbuzi wanauawa kesho asubuhi."

"Najua." Akavuta droo. Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa, imepigwa chapa, na nafasi ya sahihi chini. Yaani Daktari Tai alikuwa amemwambia tangu jana, na tangu jana mwenyewe alikuwa na dawa ya jambo lile ndani ya droo. "Au tunaweza kulimaliza leo. Ukisaini hapa, barua ya kufuta matokeo inaondoka kabla ya saa tisa."

Trafiki akasoma. Barua ilisema kwamba matokeo ya bonde yanafutwa *kutokana na kosa la fundi sanifu wa maabara, aliyeshindwa kufuata utaratibu wa vyumba*.

Aliisoma mara mbili, maana mara ya kwanza akili iliikataa. Utaratibu wa vyumba! Yeye, aliyewahi kumzuia mhasibu wa chuo asirudi kuchukua mwavuli wake! Ni kama kumshitaki kuku kwa kumla mwewe.

"Hili ni uongo," akasema.

"Ni barua."

"Wewe ndiye uliyeingia. Nilikuzuia."

"Ukanipisha," akasema Profesa, polepole, bila kupandisha sauti. "Ulikuwa msimamizi wa mlango, ukanipisha. Kwa hiyo si uongo mtupu, ukitafakari."

Trafiki akatoka koridoni na simu. Alimpigia daktari wa mifugo, akajitambulisha, akamweleza yote kwa pumzi moja. Mtu yule alimsikiliza kwa adabu. "Mama, nakuamini," akasema. "Lakini mimi nafuata barua. Barua yenye muhuri ndiyo iliyonituma, na barua yenye muhuri ndiyo itakayonisimamisha. Maneno ya simu siwezi kuwaonyesha wakubwa wangu. Niletee barua, hata saa kumi na mbili jioni, nitasimamisha."

Muhuri ulikuwa kwenye meza ya Profesa, karibu na kikombe chake cha chai.

Alisimama pale koridoni akitazama milango mitatu. Miaka kumi na tisa. Alifikiri angekaza, angesema kamati ikae, ukweli ujulikane. Ungejulikana, baada ya wiki tatu, juu ya shimo lililofukiwa. Ukweli wa namna hiyo una faida gani kwa mapacha wa Bibi Harusi? Akarudi ndani. Hakuketi. Akasaini akiwa amesimama, jina lake kamili, lile ambalo wengi pale hawakulijua, na kando yake akaandika saa, kwa mazoea. Kisha akasubiri hapohapo mpaka muhuri ugongwe na barua iondoke kwa mashine ya faksi mbele ya macho yake, na daktari wa mifugo athibitishe kwamba ameipokea.

"Hukuniamini?" Profesa akauliza.

"Hapana," akasema Trafiki.

Ijumaa kulikuwa na tangazo kwenye ubao. Idara, kwa uadilifu na uwazi, imegundua na kurekebisha kosa la mtumishi wake mmoja. Watu waliosoma wanalijua neno uadilifu, hata herufi zake hawakosei. Jumatatu tangazo lilisifiwa katika kikao cha chuo, na Trafiki akahamishiwa chumba cha mwisho wa korido, cha kuoshea vyombo vya kioo. Daftari la mlangoni lilibaki kwenye msumari wake. Hakuna aliyefikiria kuliondoa, kwa sababu Profesa hakuwahi hata siku moja kulifungua.

Dada alipiga simu Jumapili yake, sauti imejaa sherehe. "Mdogo wangu! Yule profesa wenu ni mtu wa Mungu. Amewaambia wakubwa mbuzi wetu ni wazima. Bonde zima linamwombea dua. Nami kamoja ka mapacha, kale kenye baka jeupe, nimekaita Profesa."

Trafiki akaihamishia simu sikio la pili.

"Lakini huyo fundi!" dada akaendelea. "Wametusomea barua mkutanoni, ila jina la chini hawakulisoma. Huyo fundi aliyekosea ana roho gani? Kidogo atumalizie mifugo kwa uzembe wake. Wakina mama wamemlaani, nami sikubaki nyuma. Unamjua?"

"Namjua."

"Nani?"

"Mimi, dada."

Mbuzi akalia kwa mbali kwenye simu. Kisha dada akasema, polepole, "Wewe? Wewe unayenitoa jikoni kwangu mwenyewe nikiingia na viatu vya bandani?"

"Ndiyo."

"Muongo huyo." Hakuuliza nani ameiandika barua. "Na ulitia sahihi?"

"Bila hivyo barua isingetoka."

Dada akavuta pumzi. "Umeniokolea mbuzi, ukajichinja mwenyewe," akasema. "Na mimi nimesimama mkutanoni nikakulaani kwa kinywa changu. Alonifanyia hivyo simsamehe." Akakata simu, na Trafiki alijua amekwenda bandani kulia mahali ambapo hakuna wa kumwona.

Maneno yale Trafiki alilala nayo na kuamka nayo. Aliosha nayo vyombo wiki nzima. La kuhamishwa angeweza kulivumilia, na tangazo angelipita akitazama pembeni. Lakini dada yake kumlaani, na beberu mchanga kuitwa Profesa, hapana. Hapo walikuwa wamevuka mpaka.

Ndipo ikaja Alhamisi ya wageni wengine. Watano safari hii. Trafiki alisikia vicheko kutoka chumba chekundu, akasikia mlango, akasikia viatu vinavyong'aa vikija upande usiokuwa wake. Akatoa kichwa. Makoti mekundu sita yalikuwa yanaelekea chumba cheupe. Nje ya mlango Daktari Tai alikuwa amejibana ukutani na tai yake.

Trafiki alitoka kama alivyokuwa, aproni imelowa, glavu za kuoshea hadi viwikoni. Akapita mbele yao, akasimama katikati ya mlango mweupe, akatandaza mikono. Maji yalidondoka sakafuni.

"Hakuna kurudi nyuma," akasema. "Mmetoka chekundu."

Profesa akacheka kidogo, akawageukia wageni. "Mtuwie radhi. Huyu ndiye yule fundi wetu aliyetupa shida kwenye suala la mbuzi. Tumemsamehe, lakini naona bado..."

"Ndiye mimi," akasema Trafiki, akiwatazama wageni na si yeye. "Barua inasema nilikosea. Ni kweli, nilikosea. Kosa langu nimeliandika mwenyewe, siku ileile." Akashusha mkono mmoja, akalitoa daftari kwenye msumari, akalifungua bila kutafuta; ukurasa aliujua. Akasoma kwa sauti ile ya korido, iliyozoea kusimamisha watu kutoka mbali: "Jumanne, saa nne na dakika kumi. Profesa na wageni wanne. Wametoka chekundu, wameingia cheupe. Nimewapisha."

Milango miwili mitatu ikafunguka na vichwa vikachungulia.

"Hilo neno la mwisho ndilo kosa langu," akasema. "Nimewapisha. Kwa neno hilo moja mbuzi wa bonde zima waliandikiwa kifo, na dada yangu aliyenilea akanilaani. Nimelitia sahihi, nimeadhibiwa, na ninaosha vyombo. Sasa sirudii kosa. Leo sikupishi."

"Mama," akasema Profesa kwa sauti ya chini, tabasamu bado limekwama usoni, "tutazungumza ofisini."

"Ofisini tulishazungumza."

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, alikuwa ameinama juu ya daftari akisoma mstari ule mwenyewe, kidole kikiwa juu ya siku na saa. Akainua kichwa akamtazama Profesa, akaitazama glavu iliyo mkononi mwa Profesa. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti lake jekundu, kimoja kimoja, akarudi nalo kwenye mlango alikotoka. Wa pili akamfuata. Daktari Tai akajitenga na ukuta, akaja akasimama mlangoni, upande wa kushoto wa Trafiki, uso ukimtoka jasho.

Profesa akabaki peke yake na koti lake. Trafiki akaivuta kalamu mpaka kamba ikanyooka, akamwelekezea.

"Andika, Profesa," akasema. "Jina, saa, na umetoka wapi."